Uchambuzi wa kisa: Buti ndefu za kupandia farasi nilizozikata kabla ya wakati

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana yangu hapa Nakuru. Mteja ameniruhusu kukisimulia. Jina lake, shamba analofundishia na mwaka wenyewe nimeviacha nje. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Makosa mengi ni yangu, kwa hiyo upande huo sina wa kumsitiri.

Nawaandikia hasa mafundi wenzangu ambao wamezoea viatu vya shule na sandali, na siku moja watajikuta wameletewa oda ya buti zinazofika gotini.

Mteja na alichotaka

Kazi inayolipa kodi ya chumba changu ni viatu vya shule mwezi wa Januari, mikanda, na mabegi yaliyochanika. Ngozi ya ng'ombe hainisumbui kupata, maana Nakuru ina viwanda vya kuichakata. Farasi nao hawako mbali. Gilgil watu hucheza polo, na kuna mashamba yenye mazizi kuelekea Njoro na Naivasha, kwa hiyo mara moja moja saisi, yaani mtunza farasi, huja na hatamu iliyokatika au mkanda wa tandiko uliolegea mshono. Buti ndefu nilikuwa nimeshona jozi mbili tu maishani, zote za wanaume, na hakuna aliyerudi kulalamika. Nilidhani hiyo ni sifa. Siku hizi nashuku walikwenda kulalamika kwa fundi mwingine.

Mwalimu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayefundisha watoto kupanda farasi. Jumamosi na Jumapili hukaa juu ya tandiko au kusimama uwanjani saa tano kwa siku. Alikuwa na jozi mbili na hakuna iliyomfaa. Ya kwanza aliipata kwenye mitumba, buti nzuri za kuvutia macho lakini za mjini: kisigino cha sentimita 6, ngozi laini kama ya mkoba, na soli isiyo na chuma ndani. Akikanyaga kikuku, kile chuma cha tandiko kinachobeba mguu, alikisikia chote kwenye unyayo, kama mtu anayepanda ngazi ya chuma na kandambili. Jozi ya pili ilikuwa gambuti za shambani. Hizo zilinitia hofu nilipoziona. Soli yenye meno makubwa na pua pana ni hatari kwenye kikuku, kwa sababu mtu akianguka mguu unaweza kunasa na farasi akamburuta.

Alitaka buti nyeusi za ngozi, zipu nyuma, soli bapa, kisigino kifupi cha kama sentimita 2.5 cha kuzuia mguu usipite ndani ya kikuku, na urefu wa kufika chini tu ya goti. Tulikubaliana shilingi 14,000, nusu mbele.

Vipimo

Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi, siku ya baridi, amevaa suruali nyepesi ya kubana. Nilimketisha kwenye stuli, nyayo chini, goti limekunjwa sawasawa kama kona ya meza. Nikapima kutoka sakafuni hadi pale ngozi ya nyuma ya goti inapokunjika: sentimita 42. Hili lazima lifanywe mtu akiwa ameketi, kwa sababu akisimama ule mkunjo haupo. Tepu itakuonyesha namba, lakini hutajua imeanzia wapi wala kuishia wapi.

Nilichora nyayo zote mbili kwenye karatasi. Wa kushoto ulikuwa mrefu kidogo, nikachagua lasti, yaani kalibu ya mguu ya kushonea kiatu, ya namba 39 kwa kuufuata huo. Kisha nikapima mzunguko wa shavu la mguu wa kushoto, pale lilipo nene zaidi: sentimita 36.5. Hapo mama mmoja akaingia kuchukua begi lake na kunidai chenji. Niliporudi kwenye daftari niliandika 36.5, na pembeni yake nikaandika "x 2". Hiyo "x 2" bado iko pale, kwa kalamu ya buluu.

Kwenye urefu nilijiongezea sentimita 3, yaani buti ya 45, nikihesabu kutoka ndani pale kisigino cha mguu kinapokaa hadi ukingo wa juu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema buti ndefu "huketi". Mpanda farasi husukuma kisigino chini wakati wote, na ngozi ya kwenye kifundo hukunjamana mbele na nyuma. Kila mkunjo hula urefu kidogo. Baada ya wiki kadhaa shina la buti, ile sehemu inayopanda kutoka kwenye kifundo, limeshuka sentimita 3, wakati mwingine 4. Kwa hiyo buti ndefu inayokaa vizuri kabisa siku ya kwanza itakuwa fupi kufikia mwezi wa pili.

Niseme wazi kwamba hili nililijua. Nililijua, nikalipima, nikalishona.

Siku ya kujaribu

Wiki mbili baadaye, Ijumaa saa kumi alasiri, Mwalimu alikuja moja kwa moja kutoka shambani. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Buti ya kushoto ilipanda na zipu ikafungika, ingawa kwa kubana. Ya kulia zipu ilikwama kiganja kimoja chini ya ukingo. Nilitia waya kwenye tundu la kichwa cha zipu nikavuta, yeye akiwa amekunja uso, mpaka ikafunga. Nyama ya shavu la mguu ikajitokeza kidogo juu ya ngozi kama unga unaofura kwenye sufuria.

"Fundi, huu wa kulia unanibana."

"Hii ni ngozi, Mwalimu. Itajiachia."

Kisha akajaribu kuchuchumaa. Alipiga kelele. Ukingo wa nyuma ulikuwa umeingia kwenye mkunjo wa goti, miguu yote miwili. Alisema anachuchumaa mara hamsini kwa siku kuwafunga watoto kofia za kinga, na kesho yake ana darasa. Nikamwambia buti zitashuka. Nilisema mara moja tu, tena kwa sauti ya mtu anayejitetea, naye akaisikia hivyo hivyo. "Mpaka zishuke nitakuwa nimechunika, fundi. Kata hapo juu kidogo."

Nilikuwa na wateja wawili mlangoni na nusu ya hela ilikuwa bado mkononi mwake. Nilichora mstari kwa chaki, nikaondoa sentimita 3 kuzunguka buti yote, nikakunja ukingo, nikashona. Saa moja ikaisha. Akachuchumaa, akainuka, akacheka. "Sasa nasikia raha." Akalipa.

Kulikuwa na malalamiko mawili chumbani mle. La goti lilikuwa litapona lenyewe, na la shavu la mguu lisingepona hata kwa mwaka. Nilitibu la kwanza na kuliacha la pili.

Wiki tatu

Siku ya kwanza alizivaa saa tano mfululizo. Visigino vyote viwili vikatoka malengelenge, akashinda Jumapili na kandambili. Wiki ya pili mvua ilimkuta uwanjani, na jioni saisi, kwa nia njema kabisa, akaziweka buti kando ya jiko la makaa zikauke. Asubuhi ngozi ya kifundo ilikuwa ngumu kama mbao, na mistari midogo ya kupasuka imeanza kuonekana.

Wiki ya tatu alinipigia simu. Zipu ya kulia ilikuwa imefumuka akiwa juu ya farasi anayekwenda mchakamchaka, meno yameachana kuanzia shavu la mguu kwenda juu. Hakuanguka. Alimsimamisha farasi, akashuka, akamalizia somo akiwa chini, buti ikipepea.

Alipozileta ndani ya mfuko wa plastiki nilizipima kabla hata ya kumkaribisha kiti. Ya kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 3.5, kwa hiyo ukingo wake sasa uko 38.5, umbali wa vidole viwili chini ya pale ulipopaswa kuwa. Alinionyesha alama nyekundu mguuni. Ukingo wa buti fupi ulikuwa unagonga ukingo wa chini wa shavu la tandiko, ile ngozi pana inayoning'inia ubavuni mwa farasi, kila farasi anapopiga hatua, na mara nyingine unanasa chini yake. Ya kulia ilikuwa imeshuka sentimita 1 tu. Hilo lilinishangaza kwa dakika chache, kisha nikaelewa: shina lilikuwa limebana shavu la mguu kiasi kwamba lilining'inia pale juu na halikuweza kushuka. Mzigo wote ukaenda kwenye zipu.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nikampima upya, safari hii akiwa na suruali yake ya kupandia na soksi ndefu anazovaa kazini. Kushoto 37.5. Kulia 39. Linganisha na ile "36.5 x 2".

Tulichoamua

Njia ya kwanza niliyojaribu ilikuwa ya mkato: kuongeza utepe wa ngozi wa sentimita 3 juu ya buti ya kushoto. Kwa macho ilipendeza. Lakini mshono ulikaa palepale ngozi inapokunjika chini ya goti, na unene wa ngozi mbili ukawa kisu kipya. Alivumilia wikendi moja, akairudisha.

Njia ya pili ilikuwa kufumua zipu ya kulia na kutia kipande cha lastiki kando yake. Lastiki ya upana wa sentimita 3 huweza kukupa karibu sentimita 2 za kupumua. Ingetatua ubanaji, lakini buti ya kulia nayo ingeshuka, na zote mbili zingebaki fupi.

Ya tatu, tuliyoichukua, ilikuwa kufumua shina zote mbili kwenye kifundo na kushona mpya, tukibakiza sehemu ya mguu. Sababu ni kwamba sehemu ya mguu haikuwa na kosa. Vidole vilikuwa na nafasi, chuma cha soli kilikuwa kinabeba vizuri kwenye kikuku, na unyayo wa ndani ulishapata umbo la mguu wake. Kutupa hiyo ingekuwa hasara kwangu na mateso mapya ya malengelenge kwake. Ngozi na kazi niligharamia mimi. Zipu mbili nzito za chuma na lastiki alilipa yeye, shilingi 800, kwa kusisitiza mwenyewe.

Shina mpya nilizipa urefu wa 44.5. Niliongeza 2.5 badala ya 3 kwa kuwa sehemu ya chini ya kifundo ilishakunjika tayari. Shavu la mguu: kushoto 38, kulia 39.5 pamoja na lastiki nyembamba kando ya zipu.

Kuhusu goti, ukingo wa nyuma niliukata kwa umbo la mwezi mchanga, sentimita 1 tu pale katikati panapogusa mkunjo, na upande wa nje nikauacha juu zaidi. Goti likikunjwa linapata pa kuingilia, na buti haijapoteza urefu kuzunguka mguu. Laiti ningefanya hivyo ile Ijumaa, nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Ndani nikatia vipande viwili vya soli ngumu chini ya kila kisigino, kila kimoja milimita 5. Vinainua mguu mzima, kwa hiyo goti linapanda sentimita 1 ukilinganisha na ukingo wakati buti bado ni mpya. Buti ikishuka, unatoa kimoja. Ikishuka tena, unatoa cha pili.

Nikampa na ratiba, ambayo mara ya kwanza sikumpa kabisa. Wiki ya kwanza avae nyumbani nusu saa hadi saa moja jioni, apande na kushuka ngazi, akunje kifundo. Baadaye darasa moja la farasi kwa siku, sio matano. Mafuta ya ngozi apake kidogo kwenye mikunjo ya kifundo tu, sio shina lote, kwa sababu ngozi iliyoloweshwa mafuta hulegea na kuporomoka. Zikinyeshewa, azijaze magazeti ya zamani, abadilishe yakilowa, azisimamishe kivulini penye hewa. Jiko likae mbali.

Matokeo

Baada ya wiki nane nilizipima kwenye mguu wake. Kushoto ukingo uko 42 kamili. Kulia 42.5. Vipande vya visigino vilitoka kimoja wiki ya tatu na kingine wiki ya sita. Zipu zote mbili zinafungwa kwa mkono mtupu hata jioni. Anachuchumaa.

Kwa hesabu ya fedha nilipata hasara. Ngozi ya shina mbili na siku nne za kazi hazikurudi. Isitoshe, nilishona shina mpya nikiwa na kinyongo, na kushona na kinyongo kunaonekana kwenye mshono. Upande wa ndani wa buti ya kushoto kuna mistari isiyonyooka ambayo Mwalimu hajaiona au ameamua kuninyamazia.

Uchambuzi

Buti mpya ndefu huuma sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na mteja hawezi kujua maumivu yapi ni ya kupita. Kazi ya kujua ni ya fundi. Siku hizi najiuliza: hapa panapouma, ngozi ina pa kwenda? Nyuma ya goti inapo, itashuka. Kwenye kifundo inapo, itakunjika na kulainika. Kwenye shavu la mguu itaachia nusu sentimita, labda sentimita nzima kwa ngozi laini isiyo na bitana, lakini kamwe si 2.5 nilizokuwa nimemnyima mguu wa kulia. Kwenye ncha ya vidole haina pa kwenda kabisa. Ngozi hutanuka upana, urefu wa soli haubadiliki, na vidole vikigusa mbele lasti ilikosewa.

Mteja naye hulalamikia kinachouma zaidi muda ule. Goti lilimfanya apige kelele, shavu la mguu likamfanya akunje uso tu. Nilifuata kelele.

Vipimo vya asubuhi vilinidanganya, na hapa sina kisingizio, kwa sababu kila fundi anajua mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa mtu anayesimama. Mguu wa saa tatu asubuhi kwenye baridi na mguu wa saa kumi na moja ni miguu miwili tofauti. Ukichanganya na suruali nyepesi, halafu ukapima upande mmoja ukaandika "x 2", unakuwa umekosea mara tatu kwenye mstari mmoja wa daftari. Sasa napima jioni, kwa nguo za kazi, kila mguu na namba yake.

Kuhusu ile kauli ya "zitashuka", ukweli ule ule ukisemwa siku ya vipimo ni maelezo, na ukisemwa siku ya kujaribu ni kisingizio. Mwalimu hakuwa mkaidi. Hakuwa na sababu ya kuniamini, maana nilimwambia ngozi "itajiachia" na ngozi "itashuka" ndani ya dakika tano, na moja kati ya hayo mawili ilikuwa uongo. Siku hizi, kabla sijapokea nusu ya kwanza, namwonyesha mteja kwa kidole mguuni mwake: siku ya kwanza itafika hapa, mwezi wa pili itafika hapa.

Hata hivyo, si yote yaliyoharibika. Kumketisha na kupima kwenye mkunjo kulitoa namba ambayo haikubadilika hadi mwisho, ile 42. Kuchora nyayo zote mbili ndiko kulikookoa sehemu ya chini ya buti, na bila hiyo ningeanza upya kabisa. Nyongeza ya sentimita 3 ilikuwa sahihi, tena ngozi ilishuka nusu sentimita zaidi. Ubaya ni kwamba hesabu iliyo sahihi niliitupa kwa kisu.

Saisi simlaumu kwa jiko. Hakuna aliyemwambia. Nilijua buti zile zitanyeshewa, na sikutamka neno magazeti.

Mtu mmoja aliyesoma rasimu ya kisa hiki aliniuliza kwa nini nisingemshonea buti kama zile za polo, zenye zipu mbele na ngozi nene isiyoshuka sana. Ningeweza. Lakini zile zimetengenezwa kuhimili vigongo na vikuku vya wachezaji wengine, na mvaaji hukaa juu ya farasi muda mwingi kuliko ardhini. Mtu anayechuchumaa mara hamsini kwa siku angezichukia kufikia adhuhuri.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Buti ya kulia imetengeneza mkunjo mkali unaogusa mfupa wa kifundo kwa nje. Nadhani ni ile ngozi iliyokaushwa kando ya jiko, kwa sababu sehemu hiyo ya chini tuliibakiza. Nimeigonga kwa nyundo ya mbao, nimeipaka mafuta, imelegea kidogo tu. Kwa sasa Mwalimu anaweka kipande cha sponji ndani ya soksi. Tumekubaliana ataniachia buti hiyo wiki nzima shule zikifungua na watoto wakipungua, nifungue bitana nione kama ngozi imepasuka kwa ndani.